Ubao wa kilo: kisa cha kijana aliyeumia mgongo kwenye somo la vyuma

Jumanne ya wiki ya tano, kipindi cha mwisho, kijana wa miaka 14 alijitwika chuma cha kilo 70 mabegani mbele ya wenzake 23, akachuchumaa, na hakuinuka. Chuma kilidakwa na nguzo za usalama za stendi inayokishikilia, yeye akaketi sakafuni ameshika kiuno, rangi imemtoka usoni. Mwalimu wa kipindi nilikuwa mimi. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nimempa mgongo, chaki mkononi, naandika namba ubaoni.

Kisa hiki nimekichambua na wenzangu mara kadhaa, na kila mara mazungumzo huishia kwenye uzito: kilo 70 ni nyingi kwa mtoto wa umri ule. Ni kweli, zilikuwa nyingi. Lakini mimi naamini kilo zilikuja mwisho kabisa wa mlolongo, na mlolongo wenyewe ulianzia kwenye ule ubao niliokuwa naandika. Kwa hiyo nitaanza na ubao.

Niliukuta ukutani nilipokabidhiwa chumba. Majina upande wa kushoto, safu tatu upande wa kulia: kuchuchumaa na chuma, yaani skwati; kusukuma chuma ukiwa umelala benchini; na kuinua chuma kutoka sakafuni. Mbele ya kila jina, kilo. Hakukuwa na kitu kingine. Mwalimu aliyenitangulia aliutumia, nami nikaendelea nao kwa sababu ulifanya kazi ambayo kila mwalimu wa michezo anaitamani: wanafunzi walikuwa wanawahi. Walikimbilia ubaoni kabla hata ya kubadili nguo, waone nani kampita nani. Chumba kilichangamka. Nilidhani ule uchangamfu ni kujifunza.

Darasa lilikuwa la wanafunzi 24, wavulana 13 na wasichana 11, wenye umri kati ya miaka 13 na 16, vipindi viwili kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Vifaa vilitosha: vyuma virefu sita vya kilo 20, viwili vya kilo 15, stendi mbili, mabenchi matatu, dambeli za kutosha. Wiki ya kwanza nilionyesha mikao. Wiki ya pili nikampima kila mmoja uzito wa juu kabisa anaoweza kuunyanyua mara moja, nikaandika ubaoni. Kuanzia hapo ratiba ilikuwa seti tatu za marudio manane, yaani kunyanyua mara nane mfululizo kwa awamu tatu, kwa asilimia 70 ya ule uzito wa juu, tukiongeza kidogo kila wiki.

Ukiisoma ratiba ile kwenye karatasi huoni kosa kubwa. Tatizo lilikuwa kwenye namba ambayo asilimia zote ziliisimamia. Mtoto aliyeijua skwati kwa siku nane hana uzito wa juu wa kupimwa. Nguvu anayoipata mtoto katika wiki za mwanzo haitokani na misuli kunenepa; kwa sehemu kubwa inatokana na ubongo na neva kujifunza kuiamrisha misuli aliyonayo ifanye kazi kwa pamoja na kwa mpangilio. Ukimpima katikati ya kujifunza huko unapima uthubutu wake. Mwenye woga anaandikiwa namba ndogo, jasiri anaandikiwa kubwa, na kila mmoja anafanya mazoezi ya muhula mzima akiwa mfungwa wa namba hiyo.

Sasa dakika zenyewe. Nimezipanga upya kwa msaada wa wanafunzi waliokuwepo.

Tulipasha mwili moto kwa kuzunguka uwanja mara mbili na kuzungusha mikono. Hapakuwa na kuchuchumaa hata kumoja bila uzito, na hilo nalihesabu. Kijana alikuwa ameandikiwa kilo 55 kwenye skwati, kwa hiyo siku ile alipaswa kufanya marudio manane kwa kilo 40. Alimaliza seti mbili. Rafiki yake, aliyekuwa jina moja juu yake ubaoni, alikuwa na 62.5. Akanijia: “Mwalimu, naomba nijaribu 65, mara moja tu.” Nikasema haya. Nikasimama kando yake, akashuka, akapanda. Visigino viliinuka, magoti yakaingia ndani, lakini alipanda, na darasa zima likapiga kelele. Nikaenda kufuta 55 niandike 65. Nilipokuwa nafuta, yeye na wenzake wawili waliongeza sahani, yaani vile vyuma vya duara vinavyochomekwa kwenye ncha za chuma kirefu, za kilo mbili na nusu kila upande. Hakuna aliyenishurutisha kugeuka na hakuna aliyeniomba ruhusa. Ruhusa niliitoa kwa mkono uliokuwa na chaki.

Aliyeona vizuri kuliko wote ni msichana wa miaka 13 aliyekuwa anasubiri zamu pembeni ya stendi. Nilimuuliza kesho yake aliona nini. Akanijibu bila kusita: “Kisigino kiliinuka kwanza, Mwalimu. Halafu makalio yakapanda kabla ya mabega. Halafu mgongo ukapinda.” Ndivyo skwati inavyovunjika, kwa mpangilio huohuo, na watu wazima wengi wanaonyanyua vyuma kwa miaka hawawezi kukueleza hivyo. Msichana huyu alikuwa na kilo ndogo kuliko wote ubaoni. Kila nilipoanza kuandika namba mpya alikuwa anaomba kwenda kunywa maji. Nilikuwa sijaliona hilo mpaka wenzake waliponiambia.

Tulichofanya pale sakafuni kilikuwa sahihi, nashukuru. Hatukumwinua kwa haraka. Nilimuuliza kama anahisi ganzi miguuni au katikati ya mapaja, kama anaweza kusogeza vidole vya miguu, kama maumivu yanateremka mguuni. Jibu lilikuwa hapana, vidole vilisogea. Mzazi akapigiwa simu, jioni ileile akapelekwa hospitali. Daktari alikuta misuli ya kiuno imevutika, akamzuia kunyanyua kitu chochote, akatoa onyo moja ambalo ningependa kila mwalimu alijue: kijana anayekua akiendelea kuumwa kiuno zaidi ya wiki mbili tatu, hasa anapojipinda kwenda nyuma, arudishwe hospitali, kwa sababu katika umri huo pingili za chini za uti wa mgongo zinaweza kupata ufa mdogo unaotokana na kulemewa mara kwa mara, na ufa huo hufanana sana na maumivu ya kawaida ya misuli. Kwa bahati nzuri yake yaliisha ndani ya wiki tatu.

Mama yake alikuja shuleni. Hakuja kugomba. Alikaa, akaniuliza: “Mwalimu, nieleze ukweli. Hivi vyuma havitamzuia mwanangu kurefuka?”

Nilimweleza ninachokijua. Mifupa mirefu ya mtoto inarefuka kwenye tabaka la gegedu lililo karibu na ncha zake. Gegedu hilo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe, na limewahi kuvunjika kwa vijana walionyanyua uzito mkubwa bila usimamizi na kwa mkao mbaya. Hofu ya wazazi imetoka hapo. Lakini mazoezi ya uzito yaliyopangwa na kusimamiwa vizuri hayajaonekana kudumaza urefu wa mtoto. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kililiandika hilo waziwazi katika ripoti yake ya mwaka 2020. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17, pamoja na wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki. Kwa hiyo kumtoa mtoto kwenye vyuma kabisa nako ni kumnyima kitu.

Kisha mama huyo akasema jambo lililonifungua macho. Alisema mwaka ule amemnunulia mwanawe viatu mara tatu.

Nikaenda kutafuta kumbukumbu za vipimo vya afya vya shule. Miezi kumi na moja kabla, kijana alikuwa na urefu wa sentimita 161. Nilimpima aliporudi darasani: sentimita 170. Tisa nzima. Wavulana wengi hupitia kasi ya juu kabisa ya kurefuka wakiwa karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12, na mifupa hutangulia misuli. Mapaja yake yalikuwa yamerefuka kuliko alivyoyazoea. Mtu mwenye mapaja marefu akichuchumaa, makalio yanakwenda nyuma zaidi, kifua kinainama zaidi ili asianguke, na kiuno kinabeba kazi kubwa zaidi. Kifundo cha mguu kikiwa kigumu, kisigino kinainuka kutafuta nafasi ambayo haipo. Yule rafiki yake wa jina la juu ubaoni alikuwa na miaka 14 vilevile, lakini mfupi, mpana, ukuaji wake wa ghafla haujaanza. Ubao uliwaweka mistari miwili inayofuatana kana kwamba wana mwili mmoja.

Niliposoma tafiti kuhusu majeraha ya vyuma kwa watoto, moja iliyochapishwa Marekani mwaka 2009, iliyoangalia watu waliofikishwa vyumba vya dharura, ilinifanya nirudi chumbani kukagua sakafu. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 13, theluthi mbili ya majeraha yalikuwa ya mikono na miguu, mengi yakitokana na kuangushiwa kitu au kubanwa. Kuvutika na kuteguka kuliongezeka kadiri umri ulivyopanda. Yaani wadogo wanaumizwa na chumba, wakubwa wanaumizwa na tamaa ya kilo. Darasa langu lilikuwa na wote wawili. Jioni ile nilihesabu sahani tisa zimelala sakafuni kwenye njia ya kupita.

Kulikuwa na mwalimu mwenzangu aliyependekeza tufunge chumba, tubaki na mbio, pushapu na kuruka, kwa kuwa hizo “haziumizi”. Alisema kwa nia njema, nami karibu nikubali. Lakini stamina nayo ina kipimo chake, na mwili hautofautishi mzigo wa chuma na mzigo wa marudio yasiyo na mwisho. Januari 2011, wachezaji 13 wa kandanda ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitali baada ya mazoezi yaliyojumuisha skwati 100 kwa nusu ya uzito wao wa juu, mara tu walipotoka likizo ya wiki tatu. Walikuwa vijana wakubwa, wenye nguvu, na uzito wenyewe haukuwa mkubwa. Misuli ikilazimishwa kupita uwezo wake chembe zake hupasuka, protini yake inamwagika kwenye damu na kuielemea figo, na dalili ambayo mwanafunzi mwenyewe anaweza kuiona ni mkojo kugeuka kahawia iliyokolea. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Nawaambia wanafunzi wangu hivyohivyo, bila haya. Na tangu niliposoma kisa hicho sijawahi tena kutumia pushapu kama adhabu ya kuchelewa. Mazoezi ya adhabu hayana kipimo kwa sababu kinachoyapima ni hasira ya mwalimu.

Jumamosi moja nilikwenda na bisibisi nikaushusha ubao.

Mahali pake nikaweka madaftari, moja kwa kila mwanafunzi. Safu ya kwanza ni urefu, unapimwa mara moja kwa mwezi. Anayerefuka kwa kasi haongezi uzito kwa muda, anabaki kwenye mkao na kasi ndogo ya kushuka. Kisha zoezi, kilo, marudio. Safu mbili za mwisho ndizo zilizobadilisha chumba: “karatasi” na “bakiza”.

Karatasi ni jaribio ambalo sasa siwezi kufundisha skwati bila hilo. Mwanafunzi anasimama, tunaweka kipande cha karatasi chini ya kila kisigino. Mwenzake anachutama kando, ameshika ncha ya karatasi kwa vidole viwili, anaivuta taratibu muda wote mnyanyuaji anaposhuka na kupanda. Kisigino kikiinuka hata kidogo, karatasi inatoka. Hakuna ubishi. Huna haja ya kumwambia kijana kwamba amekosea, karatasi imo mkononi mwa rafiki yake. Mwanzoni tulitumia fito ya mbao mabegani, na kati ya wanafunzi 24 karatasi zilibaki kwa saba tu. Msichana yule wa kunywa maji alikuwa mmoja wa wale saba. Jasiri wangu wa kilo 80, aliyekuwa wa kwanza ubaoni, karatasi zake zilitoka zote mbili na fito tupu.

“Bakiza” ni swali: seti imekwisha, ungeweza kuongeza marudio mangapi kwa mkao uleule? Jibu ninalolitaka ni mawili au zaidi. Akisema sifuri, uzito unashuka kipindi kijacho. Akibakiza mawili na karatasi haijatoka kwa vipindi viwili mfululizo, anaongeza asilimia tano, isizidi kumi. Kwa kilo 30 hiyo ni kilo moja na nusu hadi tatu, na hapo ndipo nilipogundua thamani ya sahani ndogo za kilo moja na robo, ambazo awali zilikuwa zimetupwa nyuma ya kabati.

Jambo moja nililolipita kwa miaka bila kulifikiria: chuma kitupu nacho ni mzigo. Tunasema “anza na chuma kitupu” kana kwamba tumesema anza na hewa. Kilo 20 kwa msichana wa kilo 41 ni karibu nusu ya mwili wake. Kwa hiyo baada ya fito tunakwenda kwenye dambeli moja iliyokumbatiwa kifuani kwa mikono miwili, kilo sita au nane, akishuka kwa sekunde tatu hadi makalio yaguse kisanduku. Uzito ukiwa mbele ya kifua, mgongo unanyooka wenyewe. Nusu ya maneno niliyokuwa napiga kelele kuyasema hayahitajiki tena. Vilevile kwenye kuinua chuma kutoka sakafuni: sahani kubwa za kawaida zina kipenyo cha sentimita 45, ndizo zinazokiweka chuma kwenye kimo chake. Ukimpa mtoto sahani ndogo kwa sababu hana nguvu, chuma kinalala chini zaidi, na aliye dhaifu ndiye anayelazimika kuinama kuliko wote. Tulikiinua kwa vipande vya mbao kila upande.

Darasa likagawanywa watatu watatu. Mmoja ananyanyua, wa pili anashika karatasi na kumlinda, wa tatu anaandika. Mimi sishiki chaki wala kalamu. Natembea.

Mambo mengine hayakwenda vizuri, na sitayaficha. Wavulana wawili wa miaka 16, waliokuwa na mkao mzuri tangu awali, walichoshwa na fito kwa wiki mbili, na mmoja akaacha kuja. Hilo ni kosa langu la pili: nilimpa kila mtu dawa moja kwa ugonjwa wa wachache. Wale wawili walistahili kupita moja kwa moja kwenye chuma, waongezewe kuruka na kazi ya kasi. Na safu ya “bakiza” inadanganywa. Wapo wanaoandika mawili kila siku kwa kuwa ndilo jibu linalompendeza mwalimu, huku wangeweza sita. Nimejifunza kutazama rudio la mwisho: likipanda haraka sawa na la kwanza, mtoto huyo amebakiza mengi kuliko alivyoandika, namwongezea bila kumkaripia.

Kupima uzito wa juu sijakufuta kabisa. Kwa mwanafunzi mwenye umri wa mazoezi wa kutosha, yaani miezi mingi ya mkao usiovunjika na msaidizi anayejua kazi yake, kipimo kikisimamiwa vizuri kinaweza kufanyika salama. Ninachokataa ni kumpima mgeni, na kubandika matokeo ukutani.

Kijana alirudi wiki ya tisa, kwa ruhusa ya daktari. Alianza na fito kama wengine, na nilimwona anavyotazama ukutani palipokuwa ubao, matundu manne ya skrubu bado yanaonekana. Aliyemshikia karatasi siku ya kwanza ni yule msichana. Karatasi zilitoka mara tatu mfululizo. Msichana akamwambia apanue miguu kidogo na kuvigeuza vidole nje, afuate mapaja yake yalivyo, asiige ya rafiki yake. Mara ya nne kushoto kukabaki. Kulia kukachukua wiki mbili zaidi, na mazoezi mengi ya kulainisha kifundo akiwa amepiga goti mbele ya ukuta.

Daftari lake lipo mbele yangu ninapoandika. Ukurasa wa mwisho wa muhula uliofuata, kwa mwandiko wa mwenzake: skwati, kilo 45, marudio 6, karatasi zimebaki zote, bakiza 3. Pembeni, safu ya kwanza, kwa mwandiko wake mwenyewe: urefu sm 173.